Embe la Kando ya Barabara na Hati ya Kiwanja

Mwishoni mwa Aprili 1992, baada ya baraza la waamuzi kushindwa kuwatia hatiani askari polisi waliorekodiwa wakimpiga Rodney King, Los Angeles iliwaka moto kwa siku kadhaa. Watu zaidi ya 60 walipoteza maisha na hasara ya mali ikakadiriwa kufikia dola bilioni moja. Maduka ya vyakula yalikuwa miongoni mwa yaliyoporwa na kuteketezwa. Moshi ulipotulia iliundwa asasi ya kulijenga upya jiji, Rebuild LA, na usukani akakabidhiwa Peter Ueberroth, yuleyule aliyesimamia Michezo ya Olimpiki ya 1984. Kampuni kubwa za supamaketi zilimiminika na ahadi nono za kujenga maduka upande wa kusini wa jiji. Miaka kumi baadaye watafiti wa Chuo cha Occidental walipopima hali ilivyo, walikuta pengo la maduka ya vyakula kati ya mitaa ya kipato cha chini na mitaa ya wenye nacho bado lipo.

Mitaa hiyo ya Los Angeles Kusini, ambayo kwa miongo mingi ilijulikana kama makazi ya Wamarekani weusi, sasa wengi wa wakazi wake ni Walatino, watu wenye asili ya Mexico na ya nchi za Amerika ya Kati kama El Salvador na Guatemala. Walipohamia walikuta mjadala wa chakula umeshapewa sura yake: mtaa hauna supamaketi, kwa hiyo abembelezwe mwekezaji kwa misamaha ya kodi na mikopo nafuu mpaka akubali kuja. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba dawa hiyo haikugusa ugonjwa wenyewe. Wakazi hawa wanajua kulima, kupika na kuuza. Walichopungukiwa ni haki ya mahali pa kufanyia kazi hizo, iwe ni kiwanja, ukingo wa barabara au jengo. Walipoipata haki hiyo, chakula na kipato vilikuja kwa pamoja. Walipoikosa, juhudi zao zilifagiliwa hata zikiwa nzuri kiasi gani.

Tuanze na ushahidi dhidi ya supamaketi, kwa sababu ndiyo hoja yenye watetezi wengi na wenye nguvu. Mwaka 2004 jimbo la Pennsylvania lilitenga dola milioni 30 kuvutia maduka ya vyakula katika maeneo yasiyo nayo, na baadaye serikali ya Barack Obama ikauchukua mfano huo na kuufanya mpango wa taifa zima. Mwaka 2014 watafiti waliofuatilia mtaa mmoja wa Philadelphia uliopata supamaketi mpya walichapisha matokeo yao: wakazi walisema chakula sasa kiko karibu, lakini ulaji wao wa matunda na mboga haukubadilika, wala uzito wao. Huko Los Angeles kwenyewe, jiji lilizuia mwaka 2008 migahawa mipya ya vyakula vya haraka katika sehemu za kusini. Utafiti wa taasisi ya RAND uliotoka 2015 ukaonyesha kwamba unene wa kupindukia uliendelea kuongezeka huko, tena kuliko sehemu nyingine. Halafu mwaka 2019 wachumi sita, akiwamo Hunt Allcott, walichambua takwimu za manunuzi ya kaya nchi nzima. Waligundua kwamba tofauti ya ubora wa chakula kati ya matajiri na maskini inaelezwa kwa kiasi cha asilimia 10 tu na umbali wa maduka na bei zake. Supamaketi mpya ikifunguliwa, watu huhama kutoka supamaketi nyingine waliyokuwa wakiifuata mbali, na kikapu kinabaki na vitu vilevile.

Wapo waliousoma utafiti huo wa 2019 wakahitimisha kwamba maskini wanakula vibaya kwa kupenda kwao, kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika na upatikanaji. Mimi nausoma vingine. Ukiondoa umbali na bei, kinachobaki mezani ni kipato, elimu, muda, na mazoea ambayo hujengeka kwa kipato hichohicho. Hapo ndipo mpango wa supamaketi ulipoteleza: ulimchukulia mkazi kama mlaji tu, mdomo unaosubiri kusogezewa bidhaa. Haukuwahi kumfikiria kama mtu anayeweza kuishi kwa chakula, akakilima au akakiuza kwa jirani yake. Na sehemu kubwa ya Walatino wa Los Angeles walikuwa wanafanya hivyo tayari, bila ruzuku ya mtu.

Mfano mkubwa kuliko yote ulikuwa kwenye kona ya Mtaa wa 41 na Barabara ya Alameda. Jiji lilikuwa limekitwaa kiwanja kile cha ekari 14 kwa nguvu ya sheria mwaka 1986 ili kujenga tanuri la kuchomea taka. Wakazi, wakiongozwa na akina mama weusi wa mtaani, wakalipinga tanuri hilo mpaka likafutwa. Baada ya ghasia za 1992 ardhi ilikaa bure, na mwaka 1994 benki ya chakula iliyokuwa ng'ambo ya barabara ikaruhusiwa kuitumia kwa bustani. Familia takriban 350, nyingi za wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati, ziligawana vipande. Walipanda mahindi, maharage, miwa, migomba na mipera, pamoja na nopali, yaani dungusi la kuliwa, epazote, papalo na chipilini, majani ambayo supamaketi ya kawaida ya Marekani haiyajui hata kwa sura. Mtafiti mmoja aliyehesabu mimea ya shamba lile alipata zaidi ya aina 100. Yote hayo katikati ya maghala na njia za reli, kwa watu ambao mtaa wao ulihesabiwa kuwa jangwa la chakula, yaani mahali pasipo na supamaketi karibu.

Walikosa kitu kimoja, karatasi. Mmiliki wa zamani alikuwa amelishtaki jiji akidai kurudishiwa ardhi yake, na mwaka 2003 jiji likakubali, katika kikao cha faragha, kumuuzia kwa takriban dola milioni tano. Wakulima walipopata habari, uamuzi ulikuwa umeshapita. Miaka mitatu ilifuata ya kesi, maandamano na harambee. Bei aliyoitaja mwenye ardhi ilifika dola milioni 16.3, na taasisi ya Annenberg ikajitokeza kusaidia kuifikia, lakini akakataa kuwauzia. Alfajiri ya Juni 13, 2006 maofisa wa sherifu waliingia, wakakamata watu zaidi ya 40, na tingatinga zikaanza kazi. Kiwanja kile kilikaa kitupu kwa miaka mingi baadaye. Filamu ya hali halisi iliyotengenezwa juu ya mkasa huu iliteuliwa kuwania Oscar. Baadhi ya wakulima wakaanzisha ushirika na kwenda kulima Buttonwillow, zaidi ya kilomita 150 kaskazini, wakawa wanaleta mboga Los Angeles kwa gari. Mkazi wa Mtaa wa 41 aliyekuwa akivuka barabara kuchuma nopali zake sasa angezinunua sokoni, zikiwa zimesafiri umbali wote huo.

Mtetezi wa jiji atasema, na si bila haki, kwamba ardhi ilikuwa na mwenyewe, na kwamba matumizi ya muda hayageuki kuwa umiliki kwa sababu tu watu wamepazoea mahali. Kweli. Ila jiji lilikuwa na nafasi ya kuwauzia wakulima kama lilivyomuuzia yule bwana. Haikupita akilini mwa waliokaa kwenye kikao kile kwamba watu wa majembe wangeweza kuwa wanunuzi. Kosa la kisheria sijaliona. La kisera naliona wazi, nalo ni lilelile la kumwona mkazi kama mnufaika badala ya mwekezaji.

Tutoke shambani twende kando ya barabara, kwa sababu huko kuna watu wengi zaidi. Mwuza matunda wa Los Angeles anatambulika kwa mbali: mwavuli wa rangi za upinde wa mvua, na chini yake mkokoteni wenye kasha la barafu na matunda yaliyopangwa kwa rangi, embe, tikitimaji, nanasi, tango, nazi na jikama, ule mzizi mweupe wenye maji unaotafunwa mbichi. Mteja ananyoosha kidole, kisu kirefu kinapita, vipande vinajaa kikombe, ndimu inakamuliwa juu, kisha chumvi na pilipili ya unga. Aliyekulia Mombasa au Unguja akila embe kwa chumvi na pilipili hahitaji kufafanuliwa utamu wake. Taasisi ya utafiti ya Economic Roundtable ilikadiria mwaka 2015 kwamba jiji lilikuwa na wachuuzi wa kando ya barabara wapatao 50,000, kati yao 10,000 wakiuza chakula, na kwamba mauzo yao kwa mwaka yalifikia dola milioni 504. Na wote hao walikuwa wahalifu. Kati ya majiji kumi makubwa ya Marekani, Los Angeles ndilo pekee lililokuwa limepiga marufuku kabisa biashara hiyo.

Haki yao haikushuka kama zawadi. Kuanzia Boyle Heights, mtaa wa Walatino mashariki ya mto, wachuuzi, wengi wao wanawake, walijikusanya na kupewa nguvu na asasi kama East LA Community Corporation, mawakili wa kujitolea wa Public Counsel, na ile inayoitwa sasa Inclusive Action for the City, ambayo pia hutoa mikopo midogo. Walihudhuria vikao vya jiji kwa miaka. Kilichovunja ukaidi hatimaye ni hofu: mapema 2017, Donald Trump alipoingia madarakani, madiwani waliona kwamba hukumu ya jinai kwa kuuza matunda ingeweza kumfukuzisha mtu nchini, wakaifuta adhabu ya jinai. Septemba 2018 gavana wa California, Jerry Brown, alitia saini sheria ya seneta Ricardo Lara iliyozuia miji yote ya jimbo kuwapiga marufuku wachuuzi. Ndani yake mna kifungu ambacho kila mwanasheria wa halmashauri, popote alipo, angefaa akisome mara mbili: mji unaweza kuweka masharti kwa sababu za afya, usalama na ustawi wa watu, lakini chuki ya jamii dhidi ya wachuuzi, au ushindani wa kibiashara, havihesabiki kuwa sababu.

Kifungu hicho kinagusa lalamiko la wenye maduka, kwamba wao wanalipa pango na kodi ilhali mwenye mkokoteni anakaa mlangoni pao bure. Lalamiko si la kubeza. Mwenye mgahawa mdogo mara nyingi ni mhamiaji vilevile, na faida yake ni nyembamba. Lakini mchuuzi naye ananunua kwenye soko la jumla, anakodi mahali pa kuegesha mkokoteni usiku, na akipewa njia halali analipa leseni. Kama pango ndilo linalowaua wenye migahawa, basi mazungumzo yafanyike na wanaopangisha. Kumfukuza mwuza tikitimaji hakumpunguzii mtu kodi ya chumba.

Gumu zaidi ni suala la usafi. Chakula kichafu kinaua, na hakuna umaskini unaohalalisha kuuza sumu. Tatizo la California lilikuwa kwamba kanuni za afya ziliandikwa kwa kufikiria magari makubwa ya chakula na migahawa, kisha zikabandikwa kwenye vikokoteni. Mkokoteni ulitakiwa kubeba masinki kadhaa na matangi ya maji yaliyoufanya uwe mzito na mkubwa kuliko nafasi ya kando ya barabara yenyewe, na gharama yake ilifika maelfu mengi ya dola. Kukata embe mbele ya mteja kulikuwa na masharti ambayo mkokoteni wa kawaida usingeyatimiza. Tamale, unga wa mahindi unaofungwa kwenye maganda na kupikwa kwa mvuke, ni chakula cha asubuhi cha mitaa hii, lakini mkokoteni uliobuniwa mahsusi kwa ajili yake ulipata idhini ya kaunti mwaka 2021 tu. Matokeo yakawa ya kutarajiwa: uchuuzi ukawa halali na wachuuzi wa chakula wakaendelea kuwa haramu, kwa kuwa waliopata kibali cha afya walikuwa wachache mno. Sheria nyingine ya 2022, ya seneta Lena Gonzalez, ilirekebisha mengi ya hayo, ikiruhusu matayarisho mepesi kwenye mkokoteni na kuondoa adhabu ya jinai kwa makosa ya vibali. Mwaka 2024 jiji lilishusha ada yake ya mwaka kutoka dola 291 hadi 27.51. Wenye kujali usafi walipaswa kuyadai mageuzi haya kabla ya mtu mwingine yeyote, maana mkaguzi wa afya hawezi kumkagua mtu anayemkimbia.

Ukingo wa barabara, hata hivyo, ni haki dhaifu. Ni ruhusa, na ruhusa huondolewa. Tofauti na hapo ni Mercado La Paloma, soko lililofunguliwa mwaka 2001 ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha nguo, karibu na Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Lilianzishwa na Esperanza, asasi ya nyumba nafuu ambayo pia huwafunza wanawake wa mtaani kuwa wahamasishaji wa afya, na wazo lilikuwa kumpa mpishi wa mtaani kibanda chenye jiko halali, ushauri wa biashara na pango linalobebeka, chini ya mwenye nyumba ambaye hakufuata faida. Miongoni mwa walioingia mwanzoni alikuwa Gilberto Cetina na mgahawa wake wa vyakula vya Yucatán, Chichén Itzá. Mwanawe akafungua humohumo Holbox, ya samaki na viumbe wa baharini, ambayo mwaka 2024 ilipewa nyota ya Michelin. Wateja wanaagiza kaunta na kubeba trei kutafuta meza. Mwaka huohuo mpishi aliyewahi kufanya kazi Holbox alishiriki kufungua hapohapo kibanda chenye kinu cha kusagia mahindi ya asili ya Mexico yaliyolowekwa kwa chokaa. Mfanyakazi kuwa mwenye biashara ndani ya jengo lilelile: hilo kwangu ni kubwa kuliko nyota.

Ataibuka mtu aseme nyota yenyewe ndiyo dalili ya hatari. Foleni inajaa watu kutoka mitaa ya mbali, bei inapanda, na mtaa uliojengewa soko unajikuta mgeni ndani yake. Naikubali hatari hiyo, ndiyo maana narudi kwenye hati. Kinachowafukuza wakazi si samaki mzuri, ni ongezeko la pango ambalo faida yake inakwenda kwa mtu asiyewajua. Mwaka 2005 Esperanza na wenzake walianzisha T.R.U.S.T. South LA, mfuko wa ardhi ya jumuiya, ambao unashikilia ardhi ili isiuzwe tena kwa bei ya soko. Upande wa mashariki, Inclusive Action, East LA Community Corporation na asasi moja ya mtaa wa Wajapani walinunua majengo matano ya biashara kwa ajili ya kuwabakiza wapangaji wadogo. Matano, katika kaunti yenye watu karibu milioni kumi. Anayesema kiwango ni kidogo yuko sahihi. Lakini mamilioni ya fedha za umma yaliyokwenda kwenye mikopo ya supamaketi yangenunua mengine mengi.

Lipo pingamizi ambalo sina jibu kamili kwake. Kikombe cha matunda si manunuzi ya wiki, na soseji zilizoviringishiwa nyama ya nguruwe yenye mafuta zinazouzwa nje ya viwanja vya michezo hazimponyi mtu kisukari. Kwa lishe pekee, ruzuku ya bei ina ushahidi bora: katika majaribio yaliyofanywa kaunti ya Hampden, Massachusetts, mwaka 2011 na 2012, wenye kadi za serikali za chakula waliorudishiwa senti 30 kwa kila dola waliyonunulia matunda na mboga walikula vitu hivyo kwa asilimia 26 zaidi. Ningeitaka ruzuku hiyo iwe kila mahali. Shida yake katika mitaa hii ni kwamba mhamiaji asiye na hati hapewi kadi hiyo, kwa hiyo mpango bora kuliko yote unamruka mtu yuleyule anayesukuma mkokoteni.

Udhaifu wa kuwa bila hati ulionekana Juni 2025, maofisa wa uhamiaji wa serikali kuu walipofanya misako Los Angeles na miavuli ikatoweka barabarani. Majirani walichanga fedha na kununua bidhaa zote za mchuuzi kwa mkupuo ili abaki nyumbani. Jimbo nalo lilipitisha mwaka huohuo sheria ya seneta María Elena Durazo inayolinda taarifa binafsi za waombaji wa leseni za uchuuzi zisifikie mamlaka za uhamiaji. Mwenye kusitasita kuomba leseni bado ana sababu, kwa kuwa jina lililokwisha kuandikwa kwenye daftari la serikali halifutiki kwa urahisi.

Mtihani unaofuata una tarehe. Michezo ya Olimpiki inarudi Los Angeles Julai 2028, na uwanja wa Coliseum uko mwendo wa miguu kutoka Mercado La Paloma. Mpaka Februari 2024 eneo hilo, kama lile la Dodger Stadium na la Hollywood, lilikuwa kwenye orodha ya sehemu ambako jiji lilikataza uchuuzi. Wachuuzi waliishtaki halmashauri, na madiwani wakaiondoa marufuku hiyo. Waandaaji watataka barabara safi na wadhamini watataka zisionekane bidhaa za wengine. Halmashauri inaweza kuanza sasa kugawa vibali vya nafasi kuzunguka uwanja ule kwa wachuuzi wanaoishi jirani, kwa majina na kwa maandishi, au inaweza kusubiri mpaka polisi waanze kukusanya vikokoteni wiki moja kabla ya sherehe za ufunguzi.